Amejiuzulu, Lakini Hesabu Iko Wapi?

Swali: "Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi wa shule katika kijiji chetu. Miaka miwili iliyopita mkutano mkuu ulikubali kila kaya ichange shilingi 15,000 ili tujenge boma la darasa, na kijiji kina kaya 212. Boma lilifika kwenye lenta likasimama. Hatujawahi kusomewa mapato na matumizi. Mwezi uliopita vijana walisimama mkutanoni wakapaza sauti kwamba mwenyekiti wa kamati awajibike. Akasimama akasema, 'Basi, nimewajibika, tafuteni mwingine,' akaketi, na watu wakapiga makofi. Mtendaji akasema jambo limekwisha, tusifukue makaburi. Moyo wangu haujatulia. Mwenyekiti huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, na mimi mwenyewe nilitia saini mihutasari miwili ya kamati. Wazee wanasema hesabu hudaiwa kwa mtu usiyemwamini. Mtendaji naye anasema serikali ya kijiji inawajibika kwa Mkurugenzi, si kwa wanakijiji. Je, shemeji yangu amewajibika? Na mimi ninawajibika kwa nani?"

Jibu:

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara jicho langu limesimama penye makofi. Watu hawakumpigia makofi shemeji yako kwa ubaya, nadhani walifarijika. Mkutano ulikuwa umepanda joto, kijiji kilikuwa karibu kugawanyika, na ghafla mtu mmoja akatoa neno lililowaruhusu wote kurudi nyumbani. Lakini wewe ulirudi nyumbani na swali lilelile ulilokwenda nalo, kwa sababu ulichotaka kujua ni pesa zilikusanywa kiasi gani, zilinunua nini, na boma limesimama kwa sababu gani. Katika hayo matatu, hata moja halikujibiwa. Kwa hiyo nikujibu moja kwa moja kabla sijaeleza: shemeji yako ameacha cheo, na kuacha cheo ni jambo lenye uzito wake, lakini hesabu bado inadaiwa, na anayeidai ni mkutano mkuu wa kijiji chenu.

Sehemu ya tatizo imo katika neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunachosema kila siku, kuwajibika kumebeba mizigo kadhaa kwa pamoja. Tukimwita mtu mwajibikaji huwa tunamaanisha mchapakazi, anayefika kazini mapema na kumaliza alichopewa. Tukisema waziri ameamua kuwajibika, kila msikilizaji anaelewa kwamba ameandika barua ya kujiuzulu. Na tukisema mtumishi fulani awajibishwe, tunataka afukuzwe, akatwe mshahara au afikishwe mahakamani. Mzizi wake ni wajibu, yaani jambo la lazima lililo juu ya mtu, ambalo halimwondoki kwa kutopenda kwake. Ukiuangalia mzizi huo utaona kwamba bidii, kujiuzulu na adhabu ni matawi tu. Shina ni kwamba umepewa kitu kisicho chako, au mamlaka yasiyo yako, na kwa hiyo aliyekupa ana haki ya kukuuliza, nawe huna hiari ya kunyamaza. Wazee wetu walikuwa na neno zuri la kitu hicho kilichopokewa: amana.

Sisi Watanzania tuna sababu ya kihistoria ya kulihusisha neno hili na kujiuzulu, na ni vyema uijue kwa sababu itakusaidia mkutanoni. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani baada ya kubainika kwamba watu waliokamatwa katika msako wa mauaji ya kishirikina mikoani Shinyanga na Mwanza walikuwa wameteswa na baadhi yao kufia mikononi mwa vyombo vya dola. Hakuwa yeye aliyewatesa. Alikubali kwamba waliofanya hayo walikuwa chini ya wizara yake, na akaachia nafasi. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, alichaguliwa kuwa Rais, na tangu wakati huo jina lake limekuwa mfano unaotolewa kila kiongozi anapotakiwa kuachia ngazi. Ni mfano wa heshima, nami siupunguzii uzito. Ila watu hukumbuka barua wakasahau yaliyokuwa pembeni yake: ukweli wa vifo vile ulitafutwa, na baadhi ya maofisa waliohusika walifikishwa mahakamani. Kujiuzulu hakukuchukua nafasi ya maelezo, vilikwenda pamoja.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kusoma taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Mpaka leo ukikaa kijiweni utasikia wengine wakisema aliwajibika na wengine wakisema aliwajibishwa, na yeye mwenyewe alikana kuwa na kosa. Sina haja ya kuamua ubishi huo hapa. Ninachotaka uone ni mpangilio wa mambo: taarifa ilisomwa kwanza, mbele ya Bunge na mbele ya nchi nzima, na kujiuzulu kukafuata. Kijijini kwenu kujiuzulu kumetangulia, na taarifa hata haijaandikwa.

Sasa niingie kwenye kiini, maana wazee wako wamesema jambo ambalo wengi wanaliamini nami naliona ni kosa, ingawa linasemwa kwa nia njema. Wanasema hesabu hudaiwa kwa mtu usiyemwamini. Naomba uwakumbushe sanduku la kikoba. Bila shaka kijijini kwenu kuna akina mama wanaoweka hisa kila wiki, na sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zake zimekaa kwa watu watatu tofauti ambao si mwenyekiti wala mweka hazina. Sanduku halifunguliwi isipokuwa wanachama wamekaa. Pesa zinahesabiwa kwa sauti, kiasi kinasomwa, wote wanakisikia, kisha kufuli zinarudi. Je, wanawake wale hawaaminiani? Wanaaminiana sana, ndiyo maana wamekaa pamoja miaka na miaka na kukopeshana bila dhamana ya nyumba wala shamba. Lakini wamejifunza kwamba imani isiyosaidiwa na utaratibu huchoka. Siku ambayo elfu hamsini itapungua, kama kufuli ni moja, lawama itamwangukia mtu mmoja, awe ameiba au hakuiba, naye hatakuwa na njia ya kujitetea. Kufuli tatu zinamlinda mweka hazina kuliko zinavyolilinda sanduku. Kuna msemo unaosema mali bila daftari hupotea bila habari, na sehemu yake yenye uchungu ni hiyo ya mwisho: hupotea bila habari, yaani hata asiyekuwa na hatia hana la kusema.

Ndiyo sababu ninaamini kwamba kosa katika jambo lenu lilianza siku stakabadhi ya kwanza ilipokatwa na hakuna aliyepanga ni lini mkutano utasomewa kilichokusanywa. Vijana walipopaza sauti walikuwa wamechelewa miaka miwili. Uwajibikaji hupangwa mwanzoni, wakati watu bado wanacheka pamoja. Ukisubiri mpaka shaka iingie, kila swali hugeuka tuhuma, na kila jibu huonekana kujitetea. Nimepita katika vijiji vingi kufundisha kamati namna ya kutunza vitabu, na nikuambie nilichokiona mara nyingi zaidi: si wizi mkubwa wa kukusudiwa, bali fujo. Fundi amelipwa nusu bila maandishi, tripu mbili za mchanga zimeletwa kwa mkopo wa maneno, mtu amechukua elfu ishirini za nauli kufuata nondo mjini akasahau kurudisha chenji, stakabadhi zimelowa mvua. Baada ya mwaka hata aliyekuwa mwaminifu kabisa hawezi kusimama akaeleza. Aibu humwingia, huanza kukwepa mikutano, na kukwepa kwake huthibitisha kile ambacho watu walikuwa wananong'ona. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa shemeji yako. Nasema kwamba mpaka vitabu vifunguliwe, wewe na mimi na vijana wale hatujui.

Kuna aina nyingine ya hesabu ambayo sote tunaijua, nayo imetuharibu kidogo katika kulielewa jambo hili. Kijana wa bodaboda aliyepewa pikipiki na tajiri hupeleka hesabu kila jioni. Ni kiasi walichokubaliana. Akishakiweka mkononi mwa tajiri, basi, haulizwi amepita njia gani, amebeba nani, wala amepata kiasi gani juu ya hicho. Kwa biashara yao inatosha, kwa sababu pikipiki ni ya tajiri, na kinachozidi kwenye mafuta na hesabu ni jasho la kijana. Viongozi wengi, kuanzia kitongojini hadi juu kabisa, huwapa wananchi hesabu ya bodaboda: "Boma si mnaliona? Barabara si mmeipita? Mnataka nini tena?" Pesa ya mchango haiko hivyo. Hakuna shilingi ndani yake iliyo ya kamati. Aliyeipokea anadaiwa njia nzima, tangu ilipotoka mfukoni mwa mwanakijiji hadi ilipokuwa tofali ukutani, na kama imeishia njiani, anadaiwa kueleza imeishia wapi. Boma lililofika kwenye lenta linathibitisha kwamba kuna pesa ilitumika. Halisemi ni kiasi gani.

Nije kwa Mtendaji wenu, ambaye nusu ya aliyosema ni kweli. Afisa Mtendaji wa Kijiji ni mwajiriwa, na mwajiri wake ni halmashauri ya wilaya. Kwa mambo ya ajira yake, nidhamu yake na maagizo ya kazi, anawajibika huko juu kwa Mkurugenzi. Lakini Mtendaji siye serikali ya kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 kwa mamlaka za wilaya iliweka mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kuwa chombo cha juu katika kuamua mambo ya jumla ya kijiji, na ni mkutano huo unaoichagua halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25. Kamati ya ujenzi iko chini ya halmashauri ya kijiji, na halmashauri ya kijiji iko chini ya mkutano mkuu, ambao unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Ardhi nayo imewekwa kwa mantiki hiyohiyo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Na juu ya yote, Ibara ya 8 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kwa maneno machache yasiyohitaji mwanasheria kuyafafanua: "Serikali itawajibika kwa wananchi." Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba serikali ya kijiji imetolewa katika kanuni hiyo.

Hivyo kuna njia mbili za kuwajibika, moja ya kwenda juu na moja ya kwenda chini, na watumishi wengi huijua ile ya juu tu kwa sababu ndiyo inayotoa mshahara, uhamisho na barua ya onyo. Mtendaji akiandika taarifa nzuri kwa Mkurugenzi ametimiza nusu ya kazi. Nusu nyingine iko chini ya mwembe, mbele ya wale waliochanga, tena kwa lugha wanayoielewa na kwa tarakimu zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo mahali ambapo hata aliyechelewa mkutano atazikuta.

Usidanganyike pia na wanaosema, "Subirini CAG atakuja." Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufanya kazi kubwa, na ripoti yake, inayokabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa mwezi Machi na kisha kufikishwa bungeni, imetufundisha mengi. Lakini mkaguzi hukagua vitabu vilivyoandikwa, na nchi ina vijiji maelfu. Mchango wa shilingi 15,000 kwa kaya hautamfikia upesi, kama utamfikia. Mkaguzi wa kwanza wa pesa hiyo ni yule aliyeitoa.

Umeuliza jambo ambalo wengi hawaulizi, na ndilo lililonifanya niandike jibu refu: "Na mimi ninawajibika kwa nani?" Hapa nitasema kwa ukweli hata kama utauma. Wewe ni mjumbe wa kamati na saini yako iko kwenye mihutasari miwili. Pesa haikuwa ya mwenyekiti peke yake. Ilikabidhiwa kamati, na kamati ni wewe pia. Hilo halikufanyi mwizi, wala haliufanyi mzigo wako kuwa sawa na wa aliyekuwa anashika pesa mkononi, kwa maana kila mmoja anadaiwa kwa kadiri ya alichokishika na alichokijua. Lakini ulikuwa na haki ya kuuliza kitabu miezi ishirini na minne, na katika maelezo yako sioni mahali ulipouliza. Basi kabla hujamwomba shemeji yako hesabu, andika yako. Ukurasa mmoja unatosha: lini uliteuliwa, vikao vingapi ulihudhuria, mihutasari ile miwili ilisema nini, pesa gani ulishawahi kuiona au kuishika, ni lini ulianza kuwa na shaka, na kwa nini ulinyamaza. Mtu anayetangulia kusema "mimi nilipaswa kuuliza na sikuuliza" huwaondolea wengine hofu ya kusema yao, na maneno yake mkutanoni husikika tofauti na ya yule anayenyoosha kidole tu.

Kuhusu undugu, usijaribu kuuficha. Kijiji kizima kinajua ni shemeji yako. Simama useme mbele ya mkutano kwamba kwa sababu ya uhusiano huo hutakuwa miongoni mwa wale watakaokagua vitabu, ila utatoa maelezo na nyaraka zote ulizonazo. Ukiingia kwenye timu ya ukaguzi, akionekana safi watasema umemsafisha, na akionekana na kasoro familia itasema umemuuza. Katika hali zote mbili hesabu itakuwa imeharibika.

Sasa, nini kifanyike? Njia ya kwanza, ambayo ningeianza mimi, ni makabidhiano. Mwenyekiti wa kamati akiondoka anapaswa kukabidhi kwa maandishi: vitabu vya stakabadhi, daftari, risiti za manunuzi, pesa iliyobaki kama ipo, vifaa vilivyoko stoo, na madeni. Hii si adhabu, ni utaratibu wa kawaida wa kuachia ofisi yoyote, na ndiyo njia yenye heshima zaidi ya kufungua mlango ambao Mtendaji anataka kuufunga. Omba halmashauri ya kijiji iteue watu wachache, tuseme watano, wakiwemo mwalimu mmoja anayejua hesabu, fundi ambaye hakujenga boma hilo, na angalau kijana mmoja kati ya wale waliopaza sauti. Kazi yao iwe kupatanisha vitu vitatu: nakala za stakabadhi zilizobaki kitabuni, risiti za manunuzi, na boma lenyewe. Ukuta una ushahidi wake. Fundi mwenye futi kamba anaweza kukadiria matofali, saruji na nondo zilizomo kwenye lenta, na makadirio yake yakilinganishwa na risiti, tofauti kubwa hujitokeza bila mtu kumwita mwenzake mwizi.

Hapo nikutahadharishe na tarakimu moja inayochoma vichwa vya watu. Kaya 212 mara shilingi 15,000 ni shilingi 3,180,000, na bila shaka hicho ndicho kiasi kinachotajwa kijiweni. Lakini hicho ni kiasi kilichotarajiwa. Kama zilizolipa ni kaya 160, kilichokusanywa ni shilingi 2,400,000, na zile 780,000 zinazoonekana kupotea ziko kwenye mifuko ya kaya 52 ambazo hazikulipa, pengine zikiwemo baadhi ya zile zilizopiga kelele zaidi. Natoa mfano tu, kwa kuwa hesabu yenu siijui. Ila nimeona mikutano ikivunjika kwa sababu hii moja, watu wakilinganisha kilichotumika na kilichopaswa kukusanywa, badala ya kulinganisha na kilichokusanywa kweli.

Njia hii ina udhaifu wake. Inachukua wiki kadhaa, inahitaji halmashauri ya kijiji ikubali, na kama halmashauri yenyewe ina la kuficha, haitakubali. Hilo likitokea, andikeni barua kwa Afisa Mtendaji wa Kata na nakala kwa Mkurugenzi na kwa diwani wenu, mkiomba mkaguzi wa ndani wa halmashauri ya wilaya aje apitie vitabu. Iandikwe na wanakijiji kadhaa, si wewe peke yako, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama mnanyimwa hata kuziona taarifa za mapato na matumizi, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na anayeombwa ana siku zisizozidi 30 za kujibu. Wakati mwingine kulitaja hilo kwa upole kwenye barua kunatosha kufanya kitabu kilichopotea kipatikane.

TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni mlango mwingine, na simu yao ya bure ya 113 watu wengi wanaijua. Ushauri wangu ni kwamba uende huko ukiwa na sababu inayotosha: nyaraka zimeghushiwa, saini yako imewekwa pasipo wewe kujua, stakabadhi zimechomwa, au kuna mtu anaombwa kitu kidogo ili taarifa isitolewe. Usiende huko kwa sababu ya hasira ya mkutano. Uchunguzi wa jinai ni mzito na wa polepole, na ukishaanza, vitabu huchukuliwa kama vielelezo na mkutano mkuu unaweza kukaa muda mrefu bila kusomewa chochote. Mtu akipelekwa mahakamani kisha akaachiwa kwa kukosa ushahidi, kijiji hubaki bila hesabu na bila amani.

Jambo moja sitaki ulifanye hata kidogo: usiandike jina la shemeji yako wala la Mtendaji kwenye kundi la WhatsApp la kijiji ukidai kwamba wamekula pesa. Hujui bado. Na hata ungekuwa unajua, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina meno kwa anayesambaza taarifa za uongo, na ukishindwa kuthibitisha neno moja, mada itahama kutoka kwenye boma kuja kwako.

Msaada wa ana kwa ana utafute mapema ukiona lolote kati ya haya: umetishwa, umeitwa kutoa maelezo polisi au TAKUKURU, au umeoneshwa waraka wenye saini inayofanana na yako usioukumbuka. Hapo usitegemee ushauri wa kusoma kama huu. Tafuta msaidizi wa kisheria katika wilaya yenu, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na hawatozi ada. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kukuelekeza walipo. Nenda na nakala za mihutasari yote uliyotia saini, na usisaini maelezo yoyote kabla hujasomewa mstari kwa mstari.

Kwa mkutano ujao, omba jambo lako liandikwe kwenye ajenda kabla, lisije likawekwa chini ya "mengineyo" jua likiwa limezama. Ukipewa nafasi, usianze na Katiba. Anza na ukurasa wako mwenyewe, usome taratibu, kisha useme kwamba unamshukuru mwenyekiti aliyeondoka kwa muda aliotumikia, na kwamba unaomba yeye na kamati nzima, wewe ukiwemo, mpewe siku kumi na nne za kukabidhi vitabu mbele ya watu watakaoteuliwa. Makofi yakipigwa, subiri yaishe, halafu uliza tarehe ya kusomewa, na usikae mpaka katibu ameiandika kwenye muhtasari.

Dada yako mwambie leo, kabla hajayasikia kisimani. Nenda kwake, si kwa simu, na mpelekee ukurasa ule ausome kabla ya mtu mwingine yeyote. Anaweza kulia, anaweza hata kukasirika siku kadhaa. Mweleze kwamba mumewe sasa hivi anapita sokoni akiwa mtu aliyejiuzulu bila kusema, na kila duka analolipita lina hesabu yake ya kichwani kuhusu kiasi alichokula, huenda kikubwa kuliko pesa yote iliyowahi kukusanywa. Kama ana vitabu ndani ya nyumba ile, hata vilivyolowa, siku kumi na nne zinamtosha kuvianika.